Afande Daraja Hajafa

Mimi kushindwa mabishano sijui. Nakiri mapema ili msomaji asije akanihurumia mahali nisipostahili. Nilizaliwa kambini, baba yangu askari, na sisi watoto wa kambini tulijua kubishana kabla ya kujua kufunga kamba za viatu: baba wa nani ana cheo, nani alianza, nani alifika kwanza bombani. Mama alikuwa akisema siku ya maziko yangu nitanyanyuka kumsahihisha padri. Kiswahili cha kuandika nilikipata ukubwani, vitabuni. Cha kubishana nilikuwa nacho tayari.

Nina duka Bwera, upande wa Uganda, kando ya barabara inayoteremkia mpaka wa Kongo. Natia nyimbo na filamu kwenye simu na flashi za watu, nauza chaja na betri, na ukutani nimetundika televisheni ambayo wateja husema ni kubwa kuliko duka lenyewe. Hiyo televisheni ndiyo iliyotuingiza kwenye ile tamthilia. Ilikuwa ya wafalme wa zamani, ngome za mawe, mapanga marefu, barafu, na joka la kuruka. Kila Alhamisi nilikwenda Kasese kwa binamu yangu anayekaa Nyamwamba, ambaye intaneti yake haina mgomo, nikachukua sehemu mpya, na Jumamosi baada ya chakula cha mchana tukaiangalia dukani. Maandishi ya chini yalikuwa ya Kiingereza na yalipita mbio, kwa hiyo mimi nilitafsiri kwa sauti. Kuangalia kulichukua saa moja. Kubishana kuliendelea mpaka jua linashuka upande wa Kongo, na mimi sijauza hata waya.

Wabishi wa kudumu tulikuwa watano. Kulikuwa na sajenti mstaafu, mlinzi wa ghala la kahawa jirani, ambaye aliniita binti ya afande kwa heshima ya marehemu baba yangu. Kulikuwa na mpagazi wa Nyakalengija, anayewabebea watalii mizigo mlimani wiki nzima, kisha anashuka Bwera kwa mkewe. Kulikuwa na mama wa vitenge kutoka ng'ambo, upande wa Kongo, aliyevuka mpaka na mzigo wake na hakurudi kabla ya kusikia nani kafa. Na kulikuwa na jirani yangu, mke wa koplo, aliyepanga chumba nyuma ya duka langu. Yeye alikuwa mtu wa kaskazini, mrefu, mchache wa maneno siku za kazi. Koplo wake alikuwa amepelekwa ng'ambo na kikosi chake. Mara kwa mara angeingia na kusema, "Koplo amepiga jana, anawasalimu wote," nasi tungejibu kwamba salamu zimefika.

Aliketi siku zote mlangoni, uso nusu kwenye televisheni, nusu barabarani. Nilidhani anapenda hewa. Kila lori la jeshi lilipopita likitoka mpakani alisimama, na sisi tulimpigia kelele kwamba anatuzibia mwanga.

Majina ya watu wa tamthilia yalitushinda kutamka, tukawapa ya kwetu. Mfalme mzee alikuwa Kichwa Cheupe. Malkia aliyewawekea wageni sumu kwenye divai alikuwa Mama Sumu. Na yule nahodha aliyelinda daraja la kuingilia mjini tulimwita Afande Daraja. Jina hilo alilitoa sajenti, kwa sababu katika watu wote wale, alisema, huyu peke yake alijua kazi ya askari. Aliwakagua vijana wake viatu kabla ya safari. Alikula mwisho.

Jambo moja linanichekesha hadi leo. Joka hakuna aliyelitilia shaka. Nyoka ana mabawa, anatema moto, anabeba mfalme mgongoni, na hakuna aliyeinua kidole. Ubishi wetu wote ulikuwa juu ya mambo madogo.

"Jeshi elfu kumi," sajenti aliuliza, "sufuria iko wapi? Mimi naangalia kila Jumamosi, sijaona hata sufuria moja. Hawa watu wanakula nini, mawe?"

Mpagazi yeye ugomvi wake ulikuwa na barafu. Mashujaa wale walitembea siku nzima kwenye theluji vichwa wazi, nywele zikipepea. "Hiyo ni uongo," alisema. "Kule juu, ukitoa kofia kidogo tu, masikio inaanza kulia. Halafu mtu anashika panga na mkono wazi? Hiyo mkono nani atamfungulia?"

Lakini mama wa vitenge ndiye aliyekuwa na kesi nzito kuliko sisi sote, naye aliirudia kila mtu alipouawa, yaani kila wiki. "Banaua batu sana mu ile filimu, mi nakubali, vita iko vile. Lakini kilio iko wapi? Mufalme anakufa asubuyi, mangaribi beko banakunywa pombe! Nani alilia? Nani alipika? Nani alilala chini na bafiwa? Ile si batu. Nyoka ya kuruka naamini, lakini batu bila matanga, aa, hapana."

Nilimwambia kwamba matanga yangekula sehemu tatu nzima na watu wangelala. Akanijibu ndiyo, matanga hula siku, ndiyo kazi yake.

Kisha ikaja Jumamosi ya daraja. Adui walikuja alfajiri, Afande Daraja akabaki na vijana sita ili wengine wakimbie. Alikuwa amevaa chuma kuanzia shingoni hadi magotini. Mshale ulimwingia begani, akayumba, akaanguka mtoni. Tukaonyeshwa maji meupe yanayokimbia, kisha farasi, kisha majina ya waigizaji. Nikasikia mtu anasonga ugali nyumba ya pili.

"Amekufa," nikasema.

Nilisema hivyo kwa sababu niliamini, na pia kwa sababu napenda kuwa wa kwanza. Nikapanga hoja zangu. Mshale, moja. Chuma, mbili, na chuma hakiogelei. Mto unaoshuka kutoka milima ya theluji, tatu, na sisi wa wilaya ya Kasese hatuhitaji kufundishwa mto wa mlimani ukiwa na hasira unafanya nini. Mpagazi akaniunga mkono. Sajenti akatikisa kichwa kwa huzuni, akasema kazi nzuri, afande, pumzika.

"Maiti iko wapi?" akauliza mke wa koplo.

Tukageuka. Alikuwa amesimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Muliona maiti? Mimi sikuona. Niliona maji. Kama hakuna maiti, mtu iko."

Hii, nilikuja kujua, ni sheria ya mashabiki dunia nzima. Binamu yangu aliniambia kwamba hata kwenye mitandao watu walikuwa wamegawanyika hivyo hivyo, wengine wakipima uzito wa zile nguo za chuma, wengine wakirudia kwamba asiyeonekana maiti yake hajafa. Basi nasi tukawa na vyama viwili. Mimi nikawa mkuu wa chama cha Amekufa. Mke wa koplo akawa mkuu wa chama cha Hajafa, na mwanachama pekee.

Nilimfurahia kama nilivyomfurahia mbishi yeyote mzuri. Huyu mwanamke ambaye Jumatatu hadi Ijumaa alisema maneno kumi, Jumamosi aliwaka. Nikimwambia chuma, ananiambia kamba za chuma zinakatika. Nikimwambia maji baridi, ananiambia wavuvi. Nikimwambia tusidanganyane, mtu akianguka mtoni vitani halafu wiki zinapita bila habari, huyo ni wa kuombewa tu, ananyoosha kidole mpaka karibu na pua yangu na kuuliza, "Ulimuona?" Nami lazima nijibu, "Sikumwona." "Basi!" anasema, na kuketi.

Mara moja tu alikasirika kweli. Ilikuwa wiki ya tatu, na mama wa vitenge alitaka kutupatanisha. Kwao, alisema, mtu akipotelea mbali na mwili usipatikane, jamaa hukata mgomba wenye urefu wa mtu, wakaufunga nguo zake, wakauzika na kulia, ili kilio kiishe na watu warudi mashambani. "Tumuzikie Afande Daraja mugomba, tumalize hii kelele."

"Halafu akirudi?" mpagazi akauliza.

"Akisha kuzikwa harudi. Hata akitokea pale inje, mulango yake imefungwa. Batu batamukimbia."

Mke wa koplo alisimama kwa nguvu mpaka kigoda kikaanguka. "Hapa hakuna mtu atazika mgomba! Umesikia? Hakuna!" Akatoka. Sisi tukatazamana, tukacheka, na mimi nikasema shabiki huyu amepitiliza. Nakumbuka kicheko changu vizuri sana, kuliko ninavyotaka.

Siku chache baadaye, mchana wa Jumatano, sajenti aliingia kununua betri za tochi. Hakutoka. Alizungusha betri kwenye kiganja, akavuta kigoda akaketi karibu nami, jambo ambalo halikuwa desturi yake.

"Binti ya afande. Koplo wa huyu mama, unajua iko wapi?"

"Ng'ambo. Anapiga kila wiki."

"Haipigi. Simu imezima miezi tano." Alisema taratibu, akiangalia barabarani. "Nimeongea na vijana wa kikosi yake. Walivuka mto, maji ilikuwa imejaa. Walipofika upande ingine wakahesabu, yeye hakuna. Wakatafuta siku mbili. Hawakupata yeye, hawakupata mwili. Kwa karatasi imeandikwa haonekani. Siyo amekufa. Haonekani."

"Na salamu zake?"

"Ni za mwenyewe. Anatuletea salamu yake mwenyewe." Akaweka betri mfukoni. "Na wewe kila Jumamosi unamwambia mtu akianguka mtoni ni wa kuombewa. Mimi pia nimejua jana tu. Nimekuja nikwambie kabla hujafungua mdomo tena."

Sijui kama nimewahi kuona aibu ya namna ile. Nilikumbuka kila neno: chuma hakiogelei, tusidanganyane. Nilikumbuka tulivyompigia kelele asituzibie mwanga alipokuwa akiyachungulia malori. Nilifunga duka, nikafungua, nikafunga tena. Nikateremka hadi karibu na geti la mpaka bila shida yoyote huko, nikaangalia malori yaliyopanga foleni, nikapanda tena hadi dukani. Mteja alileta simu nimwekee nyimbo za kwaya, nikamwekea mahubiri, akarudi kulalamika. Mke wa koplo alipita akiwa na ndoo ya maji, akanisalimu, nami nikaitikia kwa sauti ya upole hata mwenyewe nikaishangaa.

Alhamisi nilikuwa Kasese mapema kuliko binamu yangu alivyonizoea. Nikaiangalia sehemu mpya kwake, nimesimama, nikatafuta mto. Hakuna mto. Mama Sumu alimwoza mwanawe, joka lilichoma ghala la nafaka, na juu ya Afande Daraja hakuna aliyetamka hata nusu neno. Nikairudia. Binamu akaniuliza kama nimekunywa kahawa ya kikosi kizima. Nikamwambia nataka kujua mtu mmoja tu, yu hai au la, na hawa watu wamekaa wanatuonyesha harusi. Akanitazama, akaenda kunitengenezea chai. Sikuinywa.

Niliporudi nilikuwa na wazo, na nililiona zuri. Nilifikiri hivi: mimi ndiye niliyemwumiza, basi mimi ndiye wa kumtuliza. Chama cha Amekufa nitakivunja kwa mkono wangu. Nilikuwa nimejisifu maisha yangu yote kwamba sishindwi, na sasa nitashindwa kwa hiari, mbele ya watu, kwa ajili yake. Hata niliona machozi yakinilengalenga kwa uzuri wa moyo wangu. Niliona dawa ya kumtuliza iko karibu nami kiasi hicho, nami nilifurahi kama mjinga.

Jumamosi tuliangalia harusi na moto wa ghala. Sajenti aliuliza kama wale wapishi wa harusi ndio walioficha sufuria za jeshi. Watu wakacheka. Kisha mpagazi, kama kawaida, akasema wiki nyingine imepita na Afande Daraja haonekani, akanigeukia anipe nafasi.

"Nimefikiri," nikasema. "Pengine hajafa."

Mpagazi akacheka akidhani natega mtego. Mama wa vitenge akapiga makofi. "Ee Mungu! Huyu leo anakubali? Mvua itanyesha ya mawe!"

"Kwa kweli maiti hatujaiona," nikaendelea, na sauti yangu ilikuwa laini kama ya mtu anayeongea na mgonjwa. "Mto una kingo. Kuna wavuvi. Mtu anaweza kuokotwa, akauguzwa mahali, akakosa njia ya kutuma habari. Mimi naona tumpe muda. Mimi naona mama yetu hapa alikuwa sahihi tangu mwanzo."

Nilimtazama ili nione furaha yake. Alikuwa ameganda. Mkono wake ulikuwa juu ya mbao ya mlango, na vidole vilikuwa vimeibana.

"Nani amekwambia?"

"Hakuna aliyeniambia kitu. Nimefikiri tu."

"Wiki nne unasema amekufa. Wiki nne! Leo unasema iko mzima." Hakupiga kelele. Ingekuwa nafuu kama angepiga. "Wewe hukubali kitu. Hata siku ya sumu, sisi wote tuliona kwa macho, ulikataa mpaka jioni. Leo umekubali kwa nini? Umesikia nini?"

"Sijasikia chochote, wallahi."

"Basi kwa nini unaongea na mimi hivyo? Kwa nini wiki hii yote unanisalimia kama kanisani?" Alimtazama sajenti, na sajenti, mzee wa vita kadhaa, akainamisha macho. Hilo ndilo lililomaliza. "Sawa," akasema. "Mumepata habari. Sawa."

Akashuka ngazi, akazunguka nyuma kwenye chumba chake. Televisheni ilikuwa bado inaonyesha majina. Mpagazi na mama wa vitenge hawakuelewa kitu, ikabidi sajenti awaeleze, na mama wa vitenge alipokumbuka habari ya mgomba akajifunika uso kwa kitenge chake.

"Umeharibu," sajenti akaniambia. Kisha akaongeza, "Tumeharibu."

Nilimgongea mlango jioni ile, hakufungua. Nikasema kupitia mlangoni kwamba hakuna habari yoyote, kwamba karatasi ni ile ile. Nilisema tena na tena, na kila niliposema nilijisikia kama mtu anayeficha jambo.

Jumapili nilikwenda kanisani nikatoka kabla ya baraka, kwa maana miguu ilikataa kutulia. Nilipokaribia dukani nikasikia panga. Ni mlio ninaoujua, wa panga kwenye kitu chenye maji. Nyuma ya nyumba yetu mwenye nyumba ana kichaka cha migomba, na mke wa koplo alikuwa hapo, amejifunga kitenge kiunoni, jasho linamtoka. Alikuwa ameshakata mmoja. Ulilala chini, umechambuliwa majani, na kando yake alikuwa ametandaza koti la mvua la jeshi, akalinganisha urefu. Mgomba ulizidi kidogo. Alikuwa anakata kipande cha juu ili ulingane na koplo.

"Nimeomba ruhusa," akasema alipokiona kivuli changu. "Mwenye nyumba amekubali. Lakini shimo sijui nichimbe wapi. Hapa si kwetu. Hata hii mambo ya mgomba si ya kwetu, lakini kwetu ni mbali, na mimi nimechoka."

Nikamwambia aache. Nikamwapia kwa Mungu, kwa kaburi la baba yangu. Nikamweleza yote: kwamba sajenti aliniambia Jumatano, kwamba alichoniambia ni kile kile anachokijua yeye, haonekani, basi, na kwamba mimi nilimwonea aibu na huruma, nikataka kumfurahisha. Nilisema kweli tupu na machozi yalikuwa yananitoka. Naye aliendelea kukata.

"Unajua kwa nini nilikuja kwa duka yako?" akasema bila kuniangalia. "Kule kambini kila mtu ananiambia pole. Nikisema iko, wananiangalia hivi, wanasema ndiyo, mama, iko, kula kidogo. Simu ya nyumbani, hivyo hivyo. Wewe peke yako ulinibishia. Ulikuwa unanipigia kelele kama mtu mzima. Nikawa nasema, huyu ananibishia, basi mimi bado si mjane. Mjane hakuna mtu anabishana naye." Akaweka panga chini, akaanza kulifunga koti kwenye mgomba, mkono mmoja kisha wa pili. "Jana umeacha."

Nilimtazama akiivuta mikono ya koti. Kila neno la kutuliza nililonalo lingekuwa udongo kwenye shimo lile. Aliinama kufunga vifungo vya koti. Alifunga kimoja, akafunga cha pili, kwa uangalifu, kama anavyofungwa mtu anayetoka kwenda kwenye baridi.

"Amekufa," nikasema.

Mikono yake ikasimama.

"Afande Daraja amekufa," nikasema kwa sauti zaidi. "Jana nilikuwa mjinga. Nilikuwa nimechoka na safari ya Kasese. Nimefikiri tena na nasema amekufa, na wewe ni mbishi tu huna hoja. Mtu ana mshale begani!"

Hakugeuka.

"Ana chuma mwili mzima. Unajua uzito wa chuma? Hata ungemtupa ziwani, maji yametulia, angezama. Wewe unamtupa kwenye mto wa theluji halafu unasema wavuvi. Wavuvi gani? Umeona mvuvi hata mmoja kwenye tamthilia yote ile? Jeshi halina hata sufuria, wavuvi watoke wapi?"

Mwenye nyumba alitokeza dirishani. Nadhani aliniona mwanamke mwovu kuliko wote wilayani, nikimfokea mwenzangu aliyepiga magoti kando ya mgomba uliovaa koti. Sikuacha. Nilisema maji baridi, nilisema wiki nne sasa, nilisema kila nililowahi kulijutia tangu Jumatano, nikalisema kwa nguvu, na kila neno lilikuwa linanikata mimi kabla ya kumfikia yeye. Hoja zikaniisha. Nikaanza upya kutoka kwenye mshale.

"Bega," akasema.

"Nini?"

"Mshale iliingia kwa bega." Sauti yake ilikuwa imekauka. "Bega si moyo. Koplo yangu alipigwa risasi kwa bega zamani, alirudi akitembea."

"Huyo ni koplo. Mimi nazungumzia mtu wa chuma."

"Chuma ina kamba nyuma. Mtu anakata." Akageuka. Uso ulikuwa umelowa, lakini macho yalikuwa yale ya Jumamosi. "Kila siku nakwambia kamba, unajifanya husikii."

"Kwenye maji yanayokimbia? Na mkono mmoja?"

"Mkono moja inatosha!"

"Haitoshi!"

Akasimama. Akanyoosha kidole, kikafika karibu na pua yangu, na kilikuwa na utomvu wa mgomba.

"Ulimuona?"

"Sikumwona."

"Basi," akasema. Kisha akainama, akafungua vifungo vya koti kimoja kimoja, akalikung'uta, akalitundika begani. Mgomba tuliukatakata pamoja, tukawapa mbuzi wa mwenye nyumba.

Tamthilia iliisha muda mrefu sasa. Mama Sumu alikufa kitandani, joka likaruka kwenda baharini, na wale waandishi wake, Mungu awasamehe, hawakutuambia kamwe Afande Daraja alipatwa na nini. Walimsahau. Mpagazi na mama wa vitenge wamehamia kwenye tamthilia nyingine, ya kisasa, yenye magari, na sajenti huja akitaka mpira. Karatasi ya koplo bado imeandikwa vile vile.

Jumamosi, baada ya chakula cha mchana, mke wa koplo huja na kigoda chake na kuketi mlangoni. Lori la jeshi likipita, nanyamaza mpaka akae tena. Halafu nafuta vumbi kwenye kaunta, navuta pumzi, na kumwambia kwamba Afande Daraja amekufa. Neno hilo huwa nalisema kwa sauti, kwa ubishi wangu wote, na siku nyingine kabla ya kulisema natoka kwanza nje nikashika ukuta. Ananiuliza kama nilimwona.

Nasema sikumwona.